Kutoka Malava Hadi Kampala: Njia ya Anga na Njia ya Barabara

Watu wengi husikia kwamba eropleni iondokayo Nairobi hufika Entebbe kwa muda wa saa moja na dakika kumi hivi, nao hudhani kuwa kila aendaye Uganda angepunguza taabu kwa kupanda ndege. Kwa mkaaji wa Malava, katika nchi ya Kabras, hesabu hiyo yataka kutazamwa vizuri.

Kutoka Nairobi hadi Entebbe, kwa mstari ulionyoka, ni kilomita 520 hivi. Ndege kubwa iliyokwisha kupaa yaweza kwenda kilomita 800 kwa saa, hata msomaji atauliza mbona safari isiishe kwa dakika 40. Sababu ni kwamba katika safari fupi sehemu kubwa ya wakati hutumika katika kujikokota uwanjani, kupanda juu na kushuka polepole.

Basi, Malava yenyewe iko mbali na Entebbe kilomita 270 tu kwa mstari wa namna hiyo, yaani karibu nusu ya mwendo wa kutoka Nairobi. Hata hivyo msafiri wa anga hulazimika kwanza kushuka Kisumu kwa gari, mwendo wa kilomita 75 hivi kupitia Kakamega, kisha kuruka kilomita 280 kuelekea mashariki hadi Nairobi, ndipo arudishwe magharibi. Hupaa kilomita 800 apate kufika mahali palipo nyuma ya mgongo wake!

Na tuseme mtu ameondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Kufika Kisumu, kungoja, kuruka, kungoja tena Nairobi kwa kuwa safari ya nchi ya kigeni hutaka mtu awahi mapema, kukaguliwa Entebbe, na mwisho kilomita 40 za gari hadi Kampala: akifika saa kumi alasiri amebahatika. Mwenzake aliyepanda gari kupitia Webuye na mpaka wa Malaba ana kilomita 300 hivi tu za kwenda, na mambo yakiwa mema mpakani huweza kufika saa nane au saa tisa, tena kwa nauli ndogo sana.

Haikuwa hivyo sikuzote. Mwaka 1937 ndege za Imperial Airways zilizotua majini, katika safari zao kati ya Southampton na Durban, zilishuka Port Bell, bandari ya Kampala, kisha zikavuka ziwa moja kwa moja hadi Kisumu. Mwendo huo ni kilomita 235 hivi, nazo ziliumaliza kwa muda wa saa moja. Ndege za siku hizo zilikuwa nzito na za polepole, walakini hazikumzungusha msafiri.

Aendaye kwa barabara ajue kwamba tangu mwaka 2014 raia wa Kenya huruhusiwa kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa, lakini achukue pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na akatapo tiketi ya kurudi, alitaje jina la kwao kwa sauti iliyo wazi, kwa maana Malava na Malaba husikika kama mji mmoja katika masikio ya karani mwenye haraka.