Kuni za Kukaushia Samaki kwa Moshi

Ninyi watu wa Luapula na wa Mwero, kuvua samaki munajua, na kumukausha juu ya moto munajua vilevile. Hatuwafundishi kazi ya baba zenu. Lakini toka Kasenga mpaka Lubumbashi ni kilomita 200 hivi, na huko watu wa mugodi wananunua kwa macho na kwa pua. Samaki mweusi na muchungu wanamuacha. Mara nyingi kosa si la samaki wala la chumvi. Ni la kuni.

Kuni zikipata hewa nyingi zinatoa ndimi za moto, joto kali na moshi kidogo. Zikipata hewa kidogo zinaungua polepole, na hapo moshi muzuri unatoka. Kuni mbichi je? Zinatoa wingu jeupe, zito, na mutu anafurahi. Anajidanganya. Lile wingu ni mvuke wa maji ya muti. Linapoza moto, linaleta lami nyeusi juu ya samaki, na ndani samaki anabaki na maji. Baada ya siku chache anaoza.

Basi mukate kuni wakati wa kiangazi, mwezi wa 5 au wa 6, na kuzipasua palepale, maana gogo zima linakawia sana kukauka. Muzipange juu ya mawe kwa sababu ya muchwa, upepo upite katikati. Mbele ya mvua ya mwezi wa 10 muziweke chini ya paa. Siku ya kazi mugonganishe vipande viwili: vikilia «ka», ni tayari, vikilia «bu», bado.

Vipande viwe na unene mumoja, kama mukono wa mutu. Mwenye kutupa gogo pamoja na vijiti anapata moto mukali asubuhi, na mchana moto umekufa. Muti mugumu kama mubanga unafanya makala yanayokaa. Makala yakiwa mekundu, muongeze kipande kimoja kimoja na kufunika kwa majivu kidogo. Ndimi zikiruka, muzibe mulango wa hewa. Musimwage maji, yanarusha majivu juu ya samaki.

Tena neno kubwa kwa wale wanaokaa karibu na mugodi. Mbao zinazotupwa pale ni kavu, ni za bure, na watu wanazibeba kwa furaha. Musizitie chini ya chakula hata siku moja. Nyingine zimepakwa rangi, na rangi nyingi za zamani zina risasi, inayoharibu akili ya watoto. Nyingine, kama miti ya reli, zimetiwa mafuta meusi ili muchwa usizile. Sumu ile haiishi motoni. Inapanda pamoja na moshi, inakaa juu ya samaki, na ulimi hauijui. Hata unga wa mbao za namna hii musiutumie. Kama munazo tayari nyumbani, zifae kwa ua wa mbuzi? Hapana, mbuzi wanalamba. Muziache kule zilikotupwa.