Vituo vya Data na Mkate wa Kila Siku

Kituo cha data ni jengo lililojaa kompyuta zinazohifadhi habari za watu wengi. Kompyuta hizo hutoa joto jingi, na mara nyingi hupozwa kwa maji. Katika mji mdogo wa The Dalles, Oregon, nchini Marekani, kampuni ya Google ilifungua kituo mwaka 2006. Faida zake hatuzikani: ajira na malipo kwa halmashauri, ingawa kampuni ilisamehewa sehemu ya kodi.

Mwaka 2021 gazeti la The Oregonian liliomba takwimu za maji. Halmashauri ikaenda mahakamani kuzizuia, ikidai ni siri ya biashara. Shauri lilipomalizika Desemba 2022, ilidhihirika kwamba vituo hivyo vilitumia zaidi ya robo ya maji ya mji katika mwaka 2021.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anaihesabu serikali njema kuwa sehemu ya mkate wa kila siku. Kwa hiyo twasema: maji kupungua ni hasara, lakini raia kufichwa habari za maji yao ni hasara kubwa zaidi, kwa maana asiyejua hawezi kukubali wala kukataa. Mchungaji ambaye usharika wake unaletewa mradi kama huo na aulize kwanza: je, mkataba u wazi?