Mpaka wa Bahari na Jirani Asiyekuwa Kwenye Kesi

Oktoba 12, 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilichora mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia. Mwezi huohuo Kenya ndiyo iliyoshika uenyekiti wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, chombo ambacho mshindi wa kesi hukiendea, kwa kifungu cha 94 cha Mkataba wa Umoja huo, iwapo aliyeshindwa hatekelezi hukumu. Mwenyekiti akatangaza kwamba anaikataa hukumu yote. Hata mtunzi wa vichekesho angeona haya kuipanga hivyo.

Somalia ilifungua kesi mwaka 2014. Kilichogombewa ni pembetatu ya bahari yenye zaidi ya kilomita za mraba 100,000, pamoja na samaki wake na matumaini ya mafuta. Kenya ilitaka mpaka ufuate latitudo, uende mashariki moja kwa moja. Somalia ilitaka mstari wa umbali sawa kutoka pwani zote mbili, ambao huelekea kusini-mashariki. Kenya ilidai kwamba ilitangaza latitudo hiyo mwaka 1979 na Somalia ikanyamaza, hivyo ikakubali. Majaji wote waliikataa hoja hiyo, na sioni wangefanyaje vingine. Baada ya 1991, kwa miaka mingi Mogadishu haikuwa na serikali ya kuandika hata barua ya malalamiko. Kimya cha nyumba inayoungua hakihesabiwi kuwa idhini.

Palipo na mjadala hasa ni hatua iliyofuata. Mahakama ilianza na mstari wa umbali sawa, kisha, kwa kura 10 dhidi ya 4, ikausogeza kaskazini kwa faida ya Kenya. Sababu iliyotolewa ni kwamba Kenya imebanwa katikati ya majirani na bahari yake inazidi kuwa nyembamba kadiri inavyokwenda mbali. Lakini ukizitazama pwani za Kenya na Somalia peke yake, huoni mbano wa maana. Unaonekana ukiingiza pwani ya Tanzania na kisiwa cha Pemba, na Tanzania haikuwa kwenye kesi. Isitoshe, mpaka wa kusini Kenya iliuafiki yenyewe na Tanzania, mwaka 1976 na tena 2009, kwa kufuata mtindo uleule wa latitudo inaoupenda. Kwa nini Somalia ndiyo ilipie? Majaji kadhaa walilikosoa jambo hilo katika maoni yao binafsi, nami naona walikuwa na haki.

Kipande cha bahari ilichoongezewa kwa kusogezwa mstari, Kenya ilikipata bila hata kufika: Machi 2021 iliisusia mikutano ya kusikiliza kesi, na Septemba ikaondoa tamko lake la kukubali mamlaka ya mahakama, wakati kesi ilikwisha kusikilizwa. Kuikataa hukumu yote ni kukikataa na kipande hicho, jambo ambalo wanasiasa wa Nairobi hawakulitaja.

Hukumu hiyo haina rufaa. Nchi mbili zinaweza kuafikiana tofauti na ilivyoamuliwa, kuhusu leseni za uvuvi au vitalu vya mafuta, zikiketi pamoja. Kuifuta kwa hotuba haziwezi.