Vipimo vya Moyo Bondeni Kilombero: Kila Kipimo na Swali Lake

Hakuna kipimo kimoja kinachoweza kueleza hali yote ya moyo. Moyo ni msuli unaosukuma damu, lakini ndani yake zimo vali, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi ilikotoka, upo mfumo wa umeme unaouamrisha upige, na juu yake imetandaa mishipa inayoulisha wenyewe. Ugonjwa unaweza kushika sehemu mojawapo na kuziacha nyingine zikiwa salama. Kwa hiyo mkazi wa Kidatu anayejiandaa kusafiri kupitia Mikumi na Morogoro hadi Dar es Salaam kwenda "kupima moyo" anapaswa kwanza kufahamu ni swali gani linalotafutiwa jibu, kwa kuwa maswali ya mwanzo hujibiwa karibu zaidi na nyumbani kuliko inavyodhaniwa.

Hali hiyo inatokana na aina ya maradhi yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa zaidi ya 1,000 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionesha kwamba karibu nusu yao walifikishwa hapo na shinikizo la juu la damu, ilhali wale ambao chanzo chao kilikuwa kuziba kwa mishipa ya moyo, ugonjwa uliozoeleka zaidi Ulaya na Marekani, walikuwa chini ya 8 katika kila 100. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu. Wapo pia watoto na vijana ambao vali zao huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, na wapo wanawake ambao msuli wa moyo huwalegea mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua.

Ndiyo maana mashine ya presha, ingawa wengi hawaihesabu kuwa kipimo cha moyo, inastahili kutangulia. Tarakimu ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikamua na ya chini ni nguvu hiyo moyo unapolegea. Zikifika 140 kwa 90 au kuzidi, na zikarudia hivyo siku tofauti, mtu huhesabiwa kuwa na presha ya juu. Mkata miwa aliyeingia zahanati akihema, au abiria aliyeshuka punde kwenye bodaboda kutoka Mang'ula, akipimwa palepale huku akizungumza atapewa tarakimu zisizo zake, hivyo sharti aketi kwanza dakika 5, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Waswisi na kupata sifa kwa utafiti wa malaria, nayo imeingia katika utafiti wa presha, hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wahudumu hukiita ECG, kinatokana na kazi ya Mholanzi Willem Einthoven, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mgonjwa hulala chali, akabandikwa nyaya 4 mikononi na miguuni na nyingine 6 kifuani kuelekea kwapa la kushoto, kisha mashine ikachora umeme huo kutoka pande 12 kwenye karatasi yenye vijiraba vya milimita moja. Karatasi hiyo hupita kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila kijiraba ni sekunde 0.04, na mtaalamu akihesabu vijiraba kati ya pigo na pigo hutambua mwendo wa moyo na kama umevurugika. Kipimo hiki huweza kufichua shambulio la moyo, lakini mchoro wake wa kawaida ni wa sekunde 10 hivi, na mchoro safi si hati ya afya: pampu ya kumwagilia miwa yaweza kuwa na umeme timilifu huku vali yake ikivuja.

Pampu yenyewe huoneshwa na eko, yaani ultrasaundi ya moyo, iliyoanzishwa mjini Lund, Uswidi, mwaka 1953 na daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, akapakwa jeli, na mawimbi ya sauti yasiyosikika yakachora vali, kuta na maji yaliyozunguka moyo, kama yale yanayoletwa na kifua kikuu. Eko pia hukadiria ni sehemu gani ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto inayosukumwa nje kwa kila pigo. Moyo wenye afya hutoa takriban 55 hadi 70 kwa mia, hivyo aliyeandikiwa 60 asidhani amepungukiwa na 40. Kwa maradhi ya bonde hili, hiki ndicho kipimo cha kupiganiwa kuliko vyote, mradi apatikane mtu aliyefunzwa kukisoma.

Eksirei ya kifua huonesha ukubwa wa moyo na maji mapafuni, si zaidi sana. Kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapojeruhiwa, ni cha dharura, na hurudiwa baada ya saa chache kwa sababu kiwango hicho huchelewa kupanda.

Katheta ni mrija mwembamba unaopitishwa mshipani kutoka mkononi au kwenye kinena hadi moyoni, ikamiminwa dawa inayoonesha mishipa iliyoziba. Kwa kuwa dawa hiyo huweza kuumiza figo, figo hupimwa kwanza. Kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, baada ya miaka mingi ya wagonjwa kupelekwa India. Mgonjwa anayepewa rufaa ya huko amuulize daktari kipimo kinatafuta nini na jibu litabadilisha nini katika matibabu yake, na abebe majibu yote ya awali, karatasi ya ECG ikiwamo.