Roboti Inayokamua Ng'ombe na Usalama wa Maziwa Kikombeni

Mwaka 1992, nchini Uholanzi, roboti za kukamua ng'ombe zilianza kufanya kazi katika mashamba ya wafugaji. Leo mashine za namna hiyo hutumika katika nchi nyingi zenye ufugaji mkubwa wa maziwa. Sisi wa sekta ya afya twaweza kudhani kwamba jambo hili ni la wafugaji na wahandisi peke yao. Sivyo. Maziwa ni chakula cha mtoto, cha mjamzito na cha mgonjwa, na yanayotokea zizini huishia mezani, na wakati mwingine wodini.

Namna roboti inavyofanya kazi

Ng'ombe huingia mwenyewe kwenye kizimba cha kukamulia, akivutwa na chakula cha ziada kinachotolewa humo. Kifaa alichovaa humtambulisha kwa kompyuta. Brashi husafisha chuchu, leza au kamera huonyesha zilipo, kisha vikombe vya kukamulia hushikizwa kimoja baada ya kingine. Maziwa ya kila chuchu hupimwa peke yake: wingi wake, rangi yake, na jinsi yanavyopitisha umeme.

Kipimo hiki cha mwisho kina maana kubwa kitabibu. Kiwele kinaposhambuliwa na bakteria, sodiamu na kloraidi huongezeka katika maziwa, nayo maziwa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Hivyo ugonjwa wa kiwele waweza kushukiwa kabla ya mfugaji kuona uvimbe au mabonge. Vihisi vya shingoni navyo huhesabu muda wa kucheua. Ng'ombe aliyepunguza kucheua huenda anaumwa. Ugonjwa ukitambuliwa mapema, daktari wa mifugo hupata nafasi ya kumtibu ng'ombe mmoja anayehitaji dawa, badala ya kundi zima kupewa kwa kubahatisha.

Kisichoonekana na mashine

Hata hivyo, roboti haijui kwamba jana ng'ombe alichomwa sindano ya antibiotiki, isipokuwa mtu ameingiza taarifa hiyo. Ikiambiwa, huyatenga maziwa yake mpaka muda wa kusubiri baada ya dawa upite. Isipoambiwa, maziwa huenda tangini pamoja na mengine. Vilevile, vipimo vya kawaida vya roboti havitambui bakteria wa bruselosi.

Uholanzi yenyewe yatupa funzo. Nchi hiyo ilipunguza mauzo ya antibiotiki za mifugo kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na mwaka 2009. Msingi wa mafanikio hayo haukuwa roboti, bali malengo yaliyowekwa na serikali, kumbukumbu za matumizi ya dawa kwa kila shamba, na usimamizi wa madaktari wa mifugo.

Hali ya kwetu

Katika Afrika Mashariki, maziwa mengi hutoka kwa wafugaji wadogo wanaokamua kwa mkono. Teknolojia inawafikia kwa njia nyingine. Nchini Kenya, huduma ya iCow imekuwa ikiwatumia wafugaji ujumbe mfupi wa simu kuhusu utunzaji wa ng'ombe. Tanzania nayo ilizindua mwaka 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kwa hereni. Utambuzi huo una thamani kwa afya ya binadamu pale tu kumbukumbu za chanjo na dawa zinapoandikwa kwa uaminifu. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili, daftari lenye tarehe ya sindano na tarehe ya kuanza tena kuuza maziwa hufanya kazi ileile ya kompyuta.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anapokuja na homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi, maumivu ya viungo na mgongo, na kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea, muulize: Je, unafuga? Umekunywa maziwa mabichi? Umemsaidia mnyama kuzaa, au umeshika mimba iliyotoka? Bruselosi hutibiwa kwa dawa zaidi ya moja, kwa kawaida kwa wiki sita. Tiba ya siku chache huacha ugonjwa urudi.

Kwa mnywaji wa maziwa

Chemsha maziwa mpaka yatokote, hata kama yametoka kwenye shamba la kisasa, isipokuwa yale yaliyokwisha kusindikwa kwa joto na kufungwa vizuri. Jokofu hupunguza kasi ya bakteria kuzaliana, lakini haliwaui. Kugandisha maziwa mabichi kuwa mtindi nako si kinga ya kutegemewa. Kumbuka pia kwamba kuchemsha huua vimelea, lakini hakuondoi kwa uhakika mabaki ya dawa. Hayo huzuiwa zizini tu, na mfugaji anayekubali kutouza maziwa mpaka muda wa kusubiri uishe. Mfugaji huyo hupata hasara ya siku kadhaa kwa ajili ya afya za watu asiowajua. Anastahili ushauri wetu, na shukrani zetu pia.