Je, Wajua? Neno la Newala lililoizunguka dunia

Chikungunya ni Kimakonde
Daktari wa Brazili, India au Italia akiandika "chikungunya" kwenye faili la mgonjwa, anaandika Kimakonde, ajue asijue. Wapo waandishi wa nje waliosema ni Kiswahili. Tusimnyang'anye jirani sifa yake. Neno lilidakwa wakati wa mlipuko wa homa katika wilaya za Newala na Masasi, mwaka 1952 na 1953. Mwaka 1955 Marion Robinson, daktari wa hospitali ya misheni ya Lulindi, na mtafiti W. H. R. Lumsden wakautangazia ulimwengu wa tiba ugonjwa huo.

Jina lenyewe ni picha
Ndani yake mna kitenzi "kungunyala": kusinyaa na kujikunja, kama jani lililopitiwa na moto. Ile "chi-" ya mwanzo ndiyo "ki-" yetu. Viungo huuma hata mgonjwa akatembea ameinama, utadhani anatafuta sarafu iliyomdondoka. Homa hukaa siku chache tu na kuua huua kwa nadra, lakini magoti na vifundo vinaweza kulalamika miezi kadhaa.

Ugonjwa wa mbu, mahali pasipo na maji
Hapa ndipo nilipoweka kitabu chini. Uwanda wa Makonde, iliko Newala, hauna mito juu yake. Mvua ikinyesha, mchanga huinywa. Enzi hizo watu waliteremka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Sasa, maji uliyoyahangaikia hivyo utayamwaga? Yalitunzwa mtungini, ndani ya nyumba, siku baada ya siku. Mbu aina ya Aedes, mwenye madoadoa meupe, hahitaji dimbwi wala kinamasi: mtungi humtosha, na kwenye joto yai lake huwa mbu kamili kwa takriban wiki moja hadi siku kumi. Tena huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. Ukame ndio uliomkaribisha mbu sebuleni!

Zanzibar walikuwa na jina lao
Mwaka 1870 homa ya kuvunja viungo iliikumba Zanzibar, na daktari James Christie akaandika jina aliloambiwa na wenyeji: "kidinga pepo". Leo kidingapopo ni dengue. Ila wako wataalamu waliozipitia upya dalili alizoziandika Christie na kusema ile huenda ilikuwa chikungunya.

Uganda nao wakabatiza
Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ulizuka ugonjwa wa ukoo mmoja na chikungunya, Waacholi wakauita o'nyong'nyong, kwa jinsi unavyolegeza viungo. Uliwapata watu wapatao milioni 2 wa Afrika Mashariki, na mbebaji wake ni Anofelesi, mbu yuleyule wa malaria. Utasema jina linafanana na "kunyong'onyea" kwetu. Masikio yasikudanganye: Kiacholi ni Kinailoti, Kiswahili ni Kibantu.

Kunyong'onyea: neno moja, maradhi mawili
Hata hivyo neno letu si haba. Hunyong'onyea aliyetoka kuugua, na hunyong'onyea pia aliyeachwa na mpenzi. Mwili na moyo vimepewa kitenzi kimoja, na hakuna anayeomba ufafanuzi.

Lamu, robo tatu ya mji
Mwaka 2004 chikungunya ilitua Lamu. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba takriban watu 3 katika kila 4 waliambukizwa. Ikavuka hadi Komoro, kisha Réunion, ikagusa Italia mwaka 2007, na Desemba 2013 ikabisha hodi Karibea.

Mgonjwa asiyesahaulika
Mwaka 1953 kirusi cha chikungunya kilitolewa kwenye damu ya mgonjwa wa Tanganyika. Mpaka leo uzao wa kirusi kilekile hukuzwa katika maabara za ng'ambo, na mara nyingi chikungunya mpya hulinganishwa nao.