Kutoka L'shi mupaka baharini: safari inaanzia kwenye mikanda

Kila siku tunaona kamyo zikipita na shaba yetu. Zinatoka Kolwezi, Fungurume ao Likasi, zinavuka Kasumbalesa, na nyingi zinaenda mupaka Dar es Salaam, kwenye bahari ya Hindi. Shaba inafika. Lakini sisi tulioichimba, na watoto wetu, ni wangapi tumeona ile bahari?

Baba yetu alitumika kwenye mashimo ya shaba miaka 31. Alipopata pansheni alituomba kitu kimoja tu: «Bana yangu, munipeleke nione kwenye shaba inaingilia mu mashua.» Tukaweka makuta miaka miwili. Tukatengeneza motoka, tukanunua mipira mipya, mama akapika chikwangue na samaki ya kukauka. Tukafika Kasumbalesa asubui mapema. Kisha masaa matatu, tukarudi nyumbani.

Haikuwa juu ya motoka wala makuta. Ilikuwa juu ya mutoto wa ndugu yetu marehemu, tunayemulea tangu alikuwa mudogo. Pasipoti alikuwa nayo. Lakini hatukuwa na mukanda wa mama yake unaoonyesha kwamba anaruhusu tumuvushe. Agenti alituuliza kwa heshima: «Huyu mutoto ni wa nani?» Tukajibu: «Ni wetu.» Akasema: «Mukanda njo unasema, baba. Kinywa hakitoshe.» Alikuwa na haki. Watoto wengi wanaibwa kwenye mipaka.

Mwaka ule muzee alikuwa anatembea bila fimbo. Mwaka uliofuata, tulipoanza safari tena, fimbo ilikuwa mukononi. Ndiyo maana tunaandika haya. Mukanda mumoja uliosahauliwa unakula konje nzima, na konje ya kesho si ya kila mutu.

Wewe njo mugeni

Tumezoea kuona wazungu wakipita na Land Cruiser zao. Tunawaita wageni. Ukivuka Kasumbalesa, mugeni ni wewe. Hakuna mutu kule anayejua kazi yako, avenue yako, ao jina la baba yako. Anajua tu kile unachomuonyesha.

Basi, miezi mitatu mbele ya safari, muchukue bahasha moja ngumu. Muweke ndani yake pasipoti ya kila mutu, hata ya mutoto wa kubeba, na muangalie tarehe yake ya mwisho. Muweke karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Muweke cheti cha kuzaliwa cha kila mutoto, na kama baba ao mama mumoja anabaki, ruhusa yake yenye kutiwa muhuri. Agenti wengi wa Zambia hawasome Kifaransa: mufanye mikanda ya lazima itafsiriwe kwa Kiingereza. Juu ya viza, musimuulize jirani aliyesafiri zamani. Sheria zinabadilika. Muende wenyewe kwenye konsula ya kila inchi mutakayopita.

Motoka nayo ina pasipoti yake: karte roze, permi ya dereva, na asiransi inayovuka mipaka. Muombe ile asiransi ya COMESA inayoitwa karte ya njano (isichanganywe na ile ya chanjo!). Kama karte roze iko kwa jina la shemeji ao la kampuni, lazima barua ya mwenye motoka. Kwenye kila mupaka, duani itakupa ruhusa ya muda ya motoka. Usome tarehe ya mwisho mbele ya kuondoka pale kwenye dirisha.

Hesabu ya siku

Toka L'shi mupaka Dar ni karibu kilometa 2 000. Vijana watakuambia: «Siku tatu, tumefika!» Labda, kama uko peke yako na hulale. Sisi, na muzee na watoto, tulihesabu siku sita za kwenda:

Siku ya 1: Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, kulala Kapiri Mposhi. Siku ya 2: Serenje, kulala Mpika. Siku ya 3: mupaka Nakonde, kuvuka, kulala Tunduma. Siku ya 4: Mbeya, kulala Iringa. Siku ya 5: kulala Morogoro. Siku ya 6: Dar.

Siku sita za kwenda na sita za kurudi ni 12. Uongeze mbili za mipaka, na ine za kupumzika baharini: 18. Mwenye konje ya wiki mbili asijidanganye. Afazali apande basi, ao asimame Mbeya, aone ile milima mirefu, arudi kwa amani. Muhesabu safari toka siku ya kurudi kazini, si toka siku ya kuondoka.

Njia yenyewe

Zambia na Tanzania wanapita upande wa kushoto. Kama usukani wako uko kushoto, huone vizuri mbele wakati unataka kupita kamyo. Mutu wa kukaa kuume njo anakuwa macho yako. Kwetu alikuwa mama. Akisema «bado», ni bado. Tulifika salama kwa sababu ya hilo neno.

Busiku, musitembee. Kamyo zinaharibika katikati ya njia bila taa. Ukiona matawi ya miti yametupwa kwenye njia, ni alama: mbele kuna motoka imesimama. Muwe na triangles mbili, na muangalie kama breki iko sawa, zaidi kwa muteremuko wa Kitonga, kisha Iringa. Mu Tanzania, kila kijiji kina kibao cha 50. Polisi wako na mashini ya kupima mbio, na hawacheke. Mbele ya Morogoro njia inapita ndani ya parke ya Mikumi: twiga, tembo, nyani karibu na dirisha. Watoto walifurahi kabisa. Lakini ukigonga nyama, unalipa.

Kutoka Kapiri Mposhi, reli ya TAZARA inakwenda pamoja nanyi, mara kushoto mara kuume. Wachina waliijenga na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, kilometa 1 860, kusudi shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita kusini. Muzee alikuwa anawaonyesha watoto kila daraja.

Tunduma, saa yako iko nyuma: Tanzania inatangulia L'shi saa moja. Na mutu wa kule akikuambia «saa moja asubuhi», anataka kusema 7h00. Kidogo tungekosa chumba juu ya hilo. Luga nayo: Copperbelt, Kibemba cha bibi zetu kilitufungulia milango. Tanzania wanasikia Kiswahili chetu, lakini bukari ni ugali, motoka ni gari, na makuta ni pesa. Wanacheka, nasi tunacheka.

Makuta

Muyagawe mara ine: esanse, mipaka, kula na kulala, na ya ine ni makuta ya kurudi. Ile ya ine mama aishike, isiguswe hata Dar ikipendeza namna gani. Kwa esanse hesabu ni nyepesi: motoka inayokunywa litre 10 kwa kilometa 100 itakunywa litre 200 kwa kwenda na 200 kwa kurudi. Muongeze kidogo juu ya milima na mistari ya mipaka. Mubadilishe kwacha na shilingi kidogo kidogo, ndani ya nyumba za kubadilisha, si kwa vijana wa kando ya njia.

Siku ya sita tulifika. Kesho yake tulimupeleka muzee karibu na kivuko cha Kigamboni, pale mashua kubwa zinapita karibu kabisa zikitoka bandarini. Moja ikapita, imejaa kontena. Hatujui kama ndani kulikuwa shaba. Muzee aliegemea fimbo, akaiangalia mupaka ikawa ndogo. Akasema: «Kumbe njo huku.» Kisha akamuuliza mutoto wa ndugu yetu: «Ule mukanda wa mama yako uko wapi?» Mutoto akafungua bahasha, akamuonyesha. «Muzuri. Uuchunge. Bado tuko na kurudi.»

Wasomaji wetu, kama konje yenu iko mu Juillet, watoto wakifunga masomo, musingoje Juni. Muanze na bahasha.